Binti wa Fort Worth anayetaka uhandisi wa ujenzi: chuo gani ni cha uhakika kweli?

Binti ana miaka 17 na yuko darasa la 12 katika shule ya serikali mjini Fort Worth, Texas. Alizaliwa kambini Nyarugusu, Kasulu, wazazi wakiwa wametokea Fizi, Kivu Kusini. Baba ameshapata uraia wa Marekani, na binti akaupata kupitia kwake kabla ya kufikisha miaka 18. Nyumbani wako sita, na mapato yaliyoandikwa kwenye ritani ya kodi ni dola 58,000. Anataka kusomea uhandisi wa ujenzi, yaani barabara, madaraja na mifereji ya maji ya mvua, na anatarajia kuanza chuo vuli ya 2026. Takwimu zake na za familia ni za mfano, zimepangwa zifanane na kaya nyingi za Texas ambako Kiswahili ndicho lugha ya mezani. Kanuni za vyuo na za serikali ni halisi.

Darasani ni wa 30 kati ya wanafunzi 412. Katika SAT, mtihani wa kuombea chuo, alipata 1310: hisabati 690 na kusoma na kuandika 620. Mwaka jana alimaliza prekalkulasi ya AP, yaani somo la kiwango cha chuo linalofundishwa sekondari, na mwaka huu anasoma kalkulasi ya AB, nayo ya AP.

Orodha aliyokuja nayo ilikuwa na vyuo sita. Vya kujaribu bahati: MIT, Rice na UT Austin (UT ni University of Texas). Vya uhakika, ambavyo washauri wa shule huviita seifti: Texas A&M, UT Dallas, na chuo kimoja binafsi cha jimbo jingine kinachopokea waombaji saba katika kila kumi. Katikati, mahali pa vyuo vya saizi yake, yaani vinavyolingana na alama zake, hapakuwa na kitu. Na ukivikagua kimoja kimoja, hata kile cha uhakika hakikuwepo.

Kosa la orodha hii ni la kawaida mno kwa wanaotaka uhandisi. Uhakika umepimwa getini mwa chuo, wakati mwanafunzi wa uhandisi ana milango mitatu: wa chuo, wa idara, na wa pesa. Chuo hakiwi cha uhakika mpaka yote mitatu ijulikane kuwa wazi kabla fomu haijatumwa. Mmoja ukiwa wa kubahatisha, chuo hicho kihesabiwe cha saizi, au hata cha bahati.

Tuanze na kile alichonacho mkononi, maana ni kikubwa kuliko alivyodhani. Sheria ya Texas ya mwaka 1997 inavilazimisha vyuo vikuu vya umma vya jimbo kumpokea mwanafunzi aliye ndani ya asilimia 10 ya juu ya darasa lake. Kwa darasa la watu 412, wa mwisho kuingia kwenye asilimia hiyo ni wa 41, kwa hiyo binti ana nafasi 11 za kupumulia. UT Austin ina ruhusa ya kubana zaidi, na kwa wanaoanza vuli ya 2026 kiwango chake ni asilimia 5. Hapo wa mwisho ni wa 20. Yeye ni wa 30, basi Austin hapokelewi kwa sheria, atashindana kama wengine.

Kuna sharti ambalo familia nyingi hulijua wakiwa wamechelewa: sheria hiyo humhusu aliyesoma mpangilio wa masomo unaompa kiwango cha juu cha mafanikio cha shule za Texas (Distinguished Level of Achievement), ambacho ndani yake lazima kuwe na Algebra ya 2, au aliyefikia alama zilizowekwa za SAT au za mtihani mwenzake, ACT. Watoto waliofika Marekani katikati ya masomo mara nyingine hupangiwa njia nyepesi ili wamalize shule mapema, na wanajikuta wana nafasi nzuri darasani lakini sheria huenda isiwaguse. Cha kufanya ni kumwomba mshauri wa shule nakala ya matokeo na kuangalia kama kiwango hicho kimeandikwa, bila kuridhika na jibu la mdomo.

Sheria hiyo pia inafungua geti la chuo tu. Haisemi lolote kuhusu idara. Chuo kinaweza kumpokea binti kwa furaha na kumweka katika fani asiyoitaka kwa sababu nafasi za uhandisi zimekwisha. Tukiwa na hilo kichwani, turudi kwenye vyuo vyake vitatu "vya uhakika".

UT Dallas iliondoka ndani ya dakika mbili. Ni chuo kizuri, kiko karibu, wa 30 kati ya 412 anaingia, lakini hakina uhandisi wa ujenzi. Kina umeme, kompyuta, mekanika, tiba na kadhalika, madaraja hakuna. Neno "uhandisi" kwenye jina la shule halitoshi. Mtu afungue orodha ya digrii na aikute fani yake kwa jina.

Chuo binafsi cha jimbo jingine kinahitaji hesabu ya pesa. Tuseme gharama yote kwa mwaka, ada, malazi, chakula na vitabu, ni dola 62,000, nacho kinampa ufadhili wa dola 24,000 kwa sababu ya alama zake. Barua ya ufadhili wa namna hiyo hupigiwa vigelegele nyumbani. Zinabaki 38,000. Ruzuku ya serikali kuu ya Pell, ambayo kiwango chake cha juu kwa 2025–26 ni dola 7,395, na kaya ya watu sita yenye wazazi wawili na kipato hiki inastahili kiwango hicho cha juu, inashusha hadi 30,605. Mkopo wa serikali kuu kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi hauzidi 5,500. Yanabaki 25,105, kila mwaka, kwa familia inayoishi kwa 58,000. Watasema kuna mkopo wa mzazi. Kuanzia Julai 2026 mkopo huo umewekewa kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja, kwa hiyo hata mzazi aliye tayari kujifunga hawezi kuziba pengo lote. Chuo kinachopokea saba katika kumi lakini kinachodai 25,105 kwa mwaka hakina uhakika wowote kwa kaya hii. Na kuligundua hilo ni bure: tangu 2011 vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu vinatakiwa kuweka kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti zao. Ritani ya kodi mezani, dakika kama 20, na jibu la karibu linapatikana kabla ya fomu.

Texas A&M ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi katika kisa hiki. Ina moja ya shule kubwa za uhandisi nchini, idara ya ujenzi yenye jina, na mpango wa Aggie Assurance unaolipia ada kwa familia za kipato kama hiki. Kwa nini basi isiwe ya uhakika?

Kwa sababu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale haingii ujenzi. Anaingia "uhandisi wa jumla", anasoma hisabati, sayansi na masomo ya msingi ya uhandisi kwa mihula miwili, kisha anaomba fani kwa utaratibu unaoitwa ETAM. Mwenye wastani wa 3.75 na zaidi, kati ya 4, hupewa chaguo lake la kwanza moja kwa moja. Aliye chini ya hapo hupimwa pamoja na wengine kwa nafasi zilizobaki, na anaweza kupewa chaguo la pili au la tatu. Wastani wa 3.75 maana yake ni A nyingi na B chache sana, katika mwaka ambao kalkulasi, fizikia na kemia hufuatana bila huruma. Mtoto aliyekuwa wa 30 shuleni kwake anakutana na ukumbi uliojaa waliokuwa wa kwanza hadi wa 40 shuleni kwao. Wengi wanaweza, lakini hilo si jambo la kuahidiwa mwezi wa Oktoba.

Upande wa pili wa mizani: wanaogombania fani kwa nguvu zaidi kwa kawaida ni wa kompyuta, mekanika na anga. Ujenzi una nafuu. Kwa hiyo kwa binti huyu A&M ni chuo cha saizi yake hasa, na ni kizuri. Angekuwa anataka uhandisi wa kompyuta, hesabu ingebadilika na kusogea kwenye bahati. Chuo kilekile, mwanafunzi yuleyule, fani tofauti, kundi tofauti. Familia zinazokopi orodha ya mtoto wa jirani hukwama hapa.

Jambo la ziada kuhusu A&M: jibu linaweza kuja kwa sura nyingine, nafasi katika akademia yake ya uhandisi ambako mwanafunzi anaandikishwa A&M na wakati huohuo anasoma katika chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, kama Blinn. Barua hiyo ikisomwa haraka huonekana kama kukataliwa. Sivyo. Ni njia halali ya kuingia uhandisi wa A&M na mara nyingi ni nafuu kwa ada, ila ETAM inabaki palepale.

Kumbe chuo cha uhakika kinatafutwaje? Kwanza ithibati. Kwenye tovuti ya ABET, shirika linalotoa ithibati kwa digrii za uhandisi, unaingiza jina la chuo, unatafuta digrii ya ujenzi, na unaangalia imepitishwa na tume gani. Inayotakiwa ni ya uhandisi, inayoandikwa EAC. Ipo nyingine, ETAC, ya teknolojia ya uhandisi. Tofauti ni ya herufi moja, lakini Texas inamtaka mwenye digrii ya EAC afanye kazi miaka 4 kabla ya kupata leseni ya mhandisi, na mwenye digrii isiyo ya kundi hilo miaka 8. Usimamizi wa ujenzi nao si uhandisi wa ujenzi, hata kama majengo ya idara hizo mbili yanatazamana. Kwa mtu anayetaka siku moja kutia muhuri wake kwenye mchoro wa daraja, hapa ndipo pa kuanzia.

Pili, pesa. Mwezi wa Novemba 2024 bodi ya mfumo wa vyuo vya University of Texas iliamua kwamba kuanzia vuli ya 2025, mkazi wa Texas anayesoma digrii ya kwanza muda wote, ambaye kaya yake ina kipato kisichozidi dola 100,000, asilipe ada wala michango ya lazima. Hii inahusu vyuo vyote vya mfumo huo, si Austin peke yake. Ukichuja: chuo cha mfumo wa UT, chenye digrii ya ujenzi yenye ithibati ya EAC, kinachompokea wa 30 kati ya 412 kwa sheria. Vinabaki vichache, na kimojawapo kiko maili 15 hivi kutoka nyumbani kwao: UT Arlington.

Hapo kuna mtego wa maneno "ada bure". Mpango unajaza pengo linalobaki baada ya ruzuku nyingine, kwa hiyo Pell huliwa kwanza na ada. Mtu asipange kwamba ada italipwa na Pell yote ibaki mfukoni kwa kodi ya chumba. Kulala na kula havimo. Binti akikaa kwao, mzigo unaobaki ni vitabu, chakula cha mchana na usafiri. Na usafiri si jambo dogo. Arlington haina mabasi ya jiji yenye njia na ratiba kama miji mingine; ina vigari vya kuita kwa simu. Treni ya TRE kati ya Fort Worth na Dallas inapita kaskazini ya mji, kituo cha CentrePort, halafu unaita kigari, na Jumapili treni haitembei. Kama gari la nyumbani ni moja na baba analitumia zamu ya usiku, maabara ya saa mbili asubuhi inaweza kumshinda mtu mwenye akili nyingi tu. Hili lipangwe kwa saa na dakika, Jumatatu moja ya kawaida, waende wote wawili na baba wajaribu safari yenyewe.

Idara ya Arlington nayo ina masomo ya msingi ya kupita vizuri kabla ya kuruhusiwa masomo ya juu, kama idara nyingi za uhandisi. Swali la kuwaandikia ni hili: "Nikiingia nikiwa nimetangaza uhandisi wa ujenzi, nikafaulu masomo ya msingi kwa alama mnayoitaka, nafasi yangu katika fani ni ya uhakika au ni ya kushindaniwa?" Tofauti kati ya kufaulu na kushinda ndiyo inayotenganisha chuo cha uhakika na cha saizi. Kufaulu kunategemea wewe. Kushinda kunategemea na wengine.

Cha pili cha uhakika kikawa UT San Antonio. Ada ni ileile, mlango ni uleule wa sheria. Lakini ni mwendo wa maili 260 na zaidi, lazima alale huko, na tukisema kulala na kula ni dola 13,000, mkopo wa 5,500 unaacha 7,500 za kutafutwa kwa kazi ya chuoni na misaada midogo. Kwa haki kabisa, hiki ni cha uhakika kwa milango miwili na nusu. Kimebaki kwenye orodha kwa sharti kwamba hesabu ya gharama ipitiwe tena Machi.

Akiba ya mwisho ni chuo cha jamii cha Tarrant, kwa mwaka mmoja au miwili, kisha kuhamia Arlington. Ni njia nzuri ikifuatwa kwa namba za masomo, na ni mbaya ikifuatwa kwa majina. Texas ina namba za pamoja: kalkulasi ya kwanza ni MATH 2413, ya pili 2414, fizikia ya wahandisi ni PHYS 2425, statiki, somo la nguvu katika vitu visivyosogea, ni ENGR 2301. Anayejaza PHYS 1401 kwa sababu nayo inaitwa fizikia na ratiba yake ni nzuri atakuwa amesoma fizikia isiyo na kalkulasi, na idara ya uhandisi haitaihesabu. Vivyo hivyo MATH 1314, algebra ya chuo, ambayo wengi huichukua wakiwa bado shule ya sekondari wakiamini wameokoa muda. Mnyororo wa ujenzi hauna njia ya mkato: kalkulasi, fizikia, statiki, mekanika ya mada (jinsi chuma, zege na vifaa vingine vinavyohimili nguvu), uchanganuzi wa miundo, ndipo usanifu wa zege lenye nondo. Pete moja ikichelewa muhula, kuhitimu kunachelewa muhula au mwaka, kwa sababu baadhi ya masomo ya juu hutolewa mara moja kwa mwaka. Ndiyo maana kalkulasi ya AB anayosoma sasa ina thamani kuliko insha yoyote: inamwingiza chuoni akiwa tayari kwa kalkulasi ya kwanza, hata kama hatapata alama ya AP ya kuiruka.

Vya saizi vikawa vitatu: Texas A&M, University of Houston na Texas Tech ya Lubbock. Vyote vinampokea kwa sheria, vyote vina ujenzi wa EAC, na vyote vina kitu kimoja kisichojulikana, ama idara ama gharama za kuishi mbali. Houston ina Cougar Promise, inayolipia ada kwa kipato kisichozidi 65,000. Kupima saizi, hati inayofaa ni ile ya takwimu za pamoja (Common Data Set) ambayo vyuo vingi huitoa kila mwaka: sehemu ya C inaonyesha alama za SAT za nusu ya kati ya waliojiandikisha na mambo yanayozingatiwa, sehemu ya H inaonyesha misaada. Ila takwimu hizo ni za chuo kizima, na wanaoingia uhandisi kwa kawaida wako juu zaidi upande wa hisabati. Kwa hiyo 690 yake ndiyo ya kulinganishwa, si 1310, na akiikuta chini ya katikati ya chuo kizima, ahesabu kwamba kwa uhandisi iko chini zaidi.

Vya bahati vimebaki viwili. UT Austin inataka SAT tena tangu wanaoanza 2025, na shule yake ya uhandisi, Cockrell, inataka ushahidi kwamba mtu yuko tayari kwa kalkulasi. Maombi ya mapema hufungwa 15 Oktoba. Akikosa, huenda akapewa mpango wa CAP: asome mwaka wa kwanza katika chuo kingine cha mfumo, kisha ahamie Austin. Nafasi iliyohakikishwa mwishoni mwa CAP ni ya shule ya sanaa na sayansi za jamii, sio ya uhandisi. Kwa binti huyu CAP haina maana, hata kama jina la Austin linapendeza masikioni.

Rice iko tofauti. Kuingia ni vigumu sana, inapokea chini ya mmoja katika kumi. Lakini mpango wake uliotangazwa 2018 unalipia ada, malazi na chakula kwa familia ya kipato hiki, kwa hiyo chuo ghali kuliko vyote kwenye bango ndicho kingekuwa miongoni mwa vya gharama nafuu zaidi kwa kaya hii. Kinafaa kujaribiwa. MIT nayo ina ukarimu wa namna hiyo, lakini kwa 690 ya hisabati mahali ambapo walio wengi wako 780 na kuendelea, muda wa insha zake utumike kwingine. Imetolewa.

Sasa fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, maana bila hiyo hakuna Pell, hakuna mpango wa UT, hakuna Cougar Promise. Mwanafunzi na mzazi kila mmoja anafungua akaunti yake, na mfumo unalinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hifadhi ya jamii. Kwa familia zilizopita kambini hapa ndipo panapokwama. Wazazi wengi waliandikiwa 1 Januari kwa sababu tarehe halisi haikuwa na karatasi, na majina matatu yakapangwa upya, la babu likawa la kwanza, la ubatizo likaenda katikati. Mzazi akijaza tarehe anayoijua moyoni, mfumo unamkataa. Ajaze kama ilivyo kwenye kadi ya hifadhi ya jamii, herufi kwa herufi, hata kama imekosewa. Kama kadi na hati ya uraia zinapingana, aende kwanza ofisi ya hifadhi ya jamii kusahihisha, jambo linaloweza kuchukua wiki kadhaa. Hilo lifanyike Septemba.

Ada za maombi zisimtoe mtu pumzi. Mwanafunzi anayepata chakula cha bure shuleni anastahili msamaha wa ada hizo. Fomu za A&M, Houston na Arlington ziende mwanzoni kabisa, kwa kuwa geti lililofunguliwa na sheria halizuii idara kujaa.

Uamuzi wenyewe utakuja Aprili, kabla ya 1 Mei. Ikiwa mezani zitakuwa barua ya A&M na ya Arlington, swali la kumuuliza binti ni moja: ukikosa ujenzi na kupewa uhandisi wa mazingira au wa viwanda, utabaki ukiwa umeridhika? Akijibu ndiyo, na gharama ya kuishi College Station, mji wa chuo hicho, imepata wa kuilipa, aende A&M. Akijibu kwamba ni ujenzi tu, Arlington ndiyo yake. Aitembelee kabla ya kujibu: aingie maabara ya miundo siku wanapovunja boriti ya zege kwa mashine, na awaulize wanafunzi wa mwaka wa tatu walichukua statiki muhula gani.